Weng Shaoxi na Ukimya Uliokatwa

Marehemu Weng Shaoxi alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Changshu, mtoto wa tatu wa tabibu wa mitishamba Weng Decheng. Baba mdogo ameniomba mimi, Ruolan, binti wa marehemu, nisome wasifu huu kwa upole. Nitajaribu, ila siahidi, maana aliyeniudhi amekaa safu ya mbele.

Alimaliza sekondari mwaka 1956. Guqin alifundishwa na babu yake tangu akiwa na miaka saba, kwa desturi yetu: mwalimu na mwanafunzi wanakaa uso kwa uso, kila mmoja na ala yake ya nyuzi saba. Maandishi ya kale yanakwambia kidole kipi na uzi upi. Hayakwambii usubiri kiasi gani. Hilo unalipata kwa mtu, au hulipati kabisa.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha taulo. Akitoka kazini alikaa na maandishi ya wimbo mmoja wa zamani sana, "Theluji Juu ya Daraja Bovu", ambao hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuusikia. Kuufufua kulimchukua miaka ishirini na miwili.

Alimwoa mama yangu, Lu Peizhen, tarehe 1 Oktoba 1964. Mwaka 1966, vijana walipopita nyumba kwa nyumba wakichoma vitu vya kale, mama aliilaza guqin kifudifudi juu ya mitungi kama kibao cha jikoni, akamwaga unga, akaanza kukanda tambi. Vijana wakaenda zao. Baba akalalamika kwamba unga umeingia kwenye matundu ya sauti, na mama akamwambia basi chakula chake siku hiyo akile humo humo.

Mwaka 2008 alikuja Gu Tingyu, akiomba kufundishwa. Alikaa mbele ya baba miezi mitatu, akanakili maandishi, akatoweka. Mwaka 2011 tukamwona kwenye televisheni akiupiga wimbo ule na kusema ameufufua yeye. Wizi huo baba aliumeza. Kilichomkaba ni kingine. Wimbo ule una mahali kumi na moja ambapo sauti inakwisha lakini kidole kinaendelea kutembea juu ya uzi, polepole, na msikilizaji anaendelea kuusikia. Gu alizikata sehemu hizo zote. Baba akamfuata mpaka Suzhou kumuuliza kwa nini.

"Mwalimu, kipaza sauti hakinasi kitu pale. Watu watadhani nimesahau."

"Umesahau kweli," baba alimjibu, akarudi nyumbani kwa basi.

Leo Gu ana wanafunzi mia mbili, wote wanapiga wimbo uliochinjwa, na wanauita mapokeo ya Changshu. Mapokeo gani hayo? Nimekasirika miaka minane na wala sijachoka.

Mapafu yalianza kumsumbua baba Januari 2018. Alifariki nyumbani tarehe 2 Novemba 2019, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla aliniita. Nilidhani ataniambia nimshtaki yule mtu.

"Ruolan, mfundishe Tingyu."

Nikamwambia bora wimbo ufe. Akaniuliza nina wanafunzi wangapi. Sina hata mmoja, na yeye alijua.

"Yeye anao mia mbili," akasema. "Hasira yako inajua kupiga guqin?"

Nilitoka nikaubamiza mlango, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu ya mwisho.

Marehemu ameacha mjane, Lu Peizhen. Binti mmoja, ambaye ni mimi. Mdogo wake, Weng Shaoming. Na wajukuu wawili.

Gu Tingyu, sijakusamehe, na sidhani kama nitakusamehe. Lakini kesho saa tatu asubuhi nitaweka guqin mbili, uso kwa uso. Njoo mikono mitupu. Tutaanza pale unapodhani sauti imekwisha.

Baba na apumzike kwa amani. Mimi bado.