Marehemu Sonunbubu, Aliyemwita Mama Yake Wifi

Ndugu wafiwa, majirani, wageni mliotoka mbali, mimi Toktosun nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu Sonunbubu, na tangu asubuhi nimeufuta mstari wa kwanza mara nne, kwa sababu wazee wameniagiza niandike binti wa Batma, na kweli Batma ndiye aliyemlea.

Lakini alizaliwa na Kalipa, mama yangu mzazi, tarehe 14 Machi 1958, hapahapa Jar-Bulak, mkoa wa Naryn, na siku ya arobaini bibi yetu Batma, mama mzazi wa baba, akamchukua, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza, hivyo akakua akimwita bibi mama, baba yake kaka, na aliyemzaa akamwita wifi, nami niliyetoka tumbo lilelile nikafundishwa kumwita shangazi.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1965 hadi 1975, akafundisha chekechea miaka thelathini na minne, na tarehe 6 Oktoba 1979 akaolewa na Jumadil, wakajaliwa watoto watatu. Wa kwanza, Bektur, alipotimiza siku arobaini, Mei 1981, mama mkwe alikuja kumchukua, marehemu akakaa mlangoni na mtoto kifuani, akasema, "Mama, chukua ng'ombe, nichukue hata mimi, huyu haendi popote." Kijiji kizima kilimsema, eti hana adabu, kalelewa na nani huyu. Waliosema wengine wapo hapa, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwaka jana aliugua ini, mama yangu Kalipa akahamia kwake kumuuguza, akamwomba jambo moja tu, amwite mama hata mara moja. Akajibiwa, "Ulimi umekataa, wifi. Lakini usiondoke, kaa hapahapa." Alikaa, hadi Alhamisi tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, marehemu alipokata roho amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliosimamisha hema hili la maombolezo. Na nyinyi kina mama mlio humo ndani, mama yangu mmemketisha karibu na mlango, mahali pa mawifi, naomba msogee, akae panapokaa mzazi. Wazee mtanisamehe, na msiponisamehe pia nimeshasoma.

Dada yangu, sijawahi kukuita hivyo, pumzika kwa amani.