Saa ya Mama Raymond Katikati ya Matuta

Wasifu wa marehemu Josefina Leonidas (Mama Raymond), 1946–2003
Malangali, Sumbawanga, Jumamosi tarehe 14 Juni 2003

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, ndugu, majirani na rafiki mliotoka mbali: kabla hatujaanza kusoma, familia inawaomba akina mama wote mliopika tangu alfajiri muache masufuria, msogee mbele na kukaa kwenye viti mlivyowekewa. Wengine wameuliza kwa nini ratiba ya leo ina saa nzima iliyoandikwa “Mapumziko” kabla ya maziko. Ni agizo la marehemu mwenyewe, na sababu yake imo katika maisha yake.

Josefina alizaliwa tarehe 19 Machi 1946 katika kijiji kilicho jirani na Chala, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Nkasi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Leonidas na Bi. Coleta. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na ndiyo asili ya jina lake. Ilikuwa majira ya kulima matuta. Kwa faida ya wageni, hapa Ufipa nyasi hazichomwi. Hufukiwa kwenye matuta makubwa ya mviringo, zikaachwa zioze polepole, na mvua mpya zikikaribia tuta hutawanywa na kupandwa ulezi. Bi. Coleta alikuwa akifukia nyasi uchungu ulipomkuta. Wanawake wenzake walitandika nguo zao katika nafasi iliyo kati ya matuta mawili, mahali ambapo upepo hupita juu bila kushuka, na hapo mtoto akapokelewa.

Marehemu alipenda kusema kwamba anakumbuka. Alipoambiwa kuwa hakuna binadamu anayekumbuka kuzaliwa kwake, alijibu, “Sikumbuki kuzaliwa. Nakumbuka ule ukimya.”

Alisoma shule ya masista kuanzia mwaka 1955 hadi darasa la nne mwaka 1958, kisha akajifunza ushonaji kwa miaka miwili. Alikuwa msikivu, mwenye mwandiko mzuri, na mchelewaji. Njiani kulikuwa na kijito, naye hakuweza kukivuka bila kuingiza miguu na kutazama maji yakizunguka vifundo vyake. Siku moja sista aliyemngoja mlangoni alimwuliza, “Josefina, unaosha miguu au unaosha barabara yote?” Mtoto akajibu kwa adabu kwamba barabara ataiosha kesho.

Tarehe 23 Oktoba 1965 alifunga ndoa takatifu na Bwana Flavian, wakati huo fundi seremala hapa Malangali. Mungu aliwajalia watoto watatu: Raymond, Coleta na Rahel. Josefina alikabidhiwa shamba lililo nyuma ya nyumba za mwisho, hili tunaloliona kutoka hapa tulipo, akalilima kwa mikono yake: maharage juu ya matuta, ulezi baada yake, mahindi upande wa bondeni.

Katika shamba hilo alianza mazoea ambayo wengi mnayafahamu. Kazi ya asubuhi ilipokwisha, kabla ya kurudi kupika, alijilaza kati ya matuta mawili na kujifunika kitenge usoni. Mwezi wa sita, wakati upepo wa Ufipa unapokata masikio ya watu barabarani, pale chini palikuwa na joto kama la kitanda kilichoachwa sasa hivi. Alisema jua likipita kwenye kitenge hugeuka kuwa jekundu, na mtu akitulia sana husikia nyasi zikigeuka udongo. Mawingu yalitoka milima ya Mbizi, yakapita juu yake, yakaenda yalikokwenda. Kisha aliinuka, akajikung’uta, akarudi nyumbani akiimba.

Wifi yake, Bi. Fransiska, dada mkubwa wa Mzee Flavian, hakuyapenda mazoea hayo. Yeye ni mtu wa kazi. Hakuna msiba wala harusi ya ukoo huu ambayo hakusimamia jiko. Alikuwa akiwaambia majirani, “Wifi yetu anaatamia matuta. Tusubiri vifaranga.”

Josefina alimjibu, “Wakianguliwa, jogoo ni wako, wifi.”

Mwezi Mei 1988 likatokea lile jambo ambalo mji mzima ulilicheka. Kijana mmoja mfugaji, Bwana Masalu, alikuwa amepandisha ng’ombe kutoka Mtowisa, kule chini bonde la Rukwa, kuja kuuza. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika huku juu, na matuta ya Kifipa hakuwahi kuyaona. Alipokatiza nyuma ya nyumba aliona safu kwa safu za vichuguu vya udongo, vya mviringo, vilivyotulia, na katikati yake mwanamke amelala chali, amefunikwa uso. Aliacha ng’ombe wake hapo hapo, akakimbia hadi duka la Bi. Hasna lililo kando ya barabara.

“Mama, kule makaburini mmesahau mtu!”

“Makaburi gani?” Bi. Hasna akashangaa. “Kule ni kwenye maharage ya Mama Raymond.”

“Basi ndiye huyo huyo. Amekufa, na hajafukiwa.”

Habari ilikimbia kuliko Masalu. Wanawake walijifunga kanga viunoni, wakateremka shambani wakilia, Bi. Fransiska mbele yao kwa sauti iliyosikika mpaka ng’ambo ya bonde. Josefina alizinduka, akaona umati unaolia, naye akaanza kulia pamoja nao kwa uchungu mkubwa, akiamini kwamba jirani amefiwa. Walilia hivyo kitambo kizima. Bi. Fransiska ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

“Wifi,” Josefina akamwuliza huku akifuta machozi, “ni nani aliyetutoka?”

“Ni wewe!”

Ndipo Masalu akaketi chini, akashika kichwa. Josefina alimpa maji ya kunywa na kumsaidia kutafuta ng’ombe waliokwisha kuingia kwenye mahindi. Tangu siku hiyo walitaniana kama waliozaliwa kwa utani. Kila mwaka Masalu alimletea samli kutoka bondeni, naye aliigawa: nusu kwa wali, nusu kwa visigino vyake.

Hata hivyo, si wote waliocheka. Kikao cha ukoo kiliitishwa. Ilisemwa kwamba mama mwenye watoto watatu hapaswi kulala mchana mpaka wapita njia wamdhanie maiti. Mzee Flavian, ambaye ameruhusu jambo hili lisomwe leo, alikaa kimya. Josefina aliwatazama wote, kisha akasema, “Sitalala tena.” Naye alikuwa mtu wa kutimiza neno lake.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Mahindi yaliyokuwa yakinunuliwa na ushirika sasa yalinunuliwa na yeyote mwenye gari. Mzee Flavian aliacha randa, akaanza kusafirisha nafaka pamoja na Bwana Yunusu, mume wa Bi. Hasna. Mbolea ilipanda bei hadi wengi wakairudia kwa heshima ile kazi ya kufukia nyasi. Ada zilikuwa zimerudi shuleni. Josefina alifungua meza ya vitenge na sabuni sokoni, akaenda alfajiri na kurudi gizani, na shamba akalima siku ya Jumapili baada ya misa. Alikula amesimama. Chai yake aliisahau mezani mpaka ikafanya utando. Watoto walizoea kumtambua kwa mlio wa funguo zake, maana nyimbo zilikuwa zimekwisha. Bi. Fransiska alimsifu, “Sasa umekuwa mtu.”

Tarehe 2 Agosti 1996 alianguka sokoni, mkono wake ukiwa bado umeshika kitenge alichokuwa akikikunja. Daktari alisema ni shinikizo la damu, na kwamba moyo wake umeanza kuchoka. Mzee Flavian alikaa kando ya kitanda cha hospitali akamwambia, “Pumzika, Mama Raymond. Meza nitaiangalia mimi.”

“Niliwaambia sitalala tena,” akajibu. “Mkanyamaza.”

Siku alipotoka hospitali, Mzee Flavian alimpandisha kwenye baiskeli, akaisukuma taratibu, lakini badala ya kuelekea nyumbani akapita nyuma ya nyumba hadi shambani. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, mabua ya maharage yamekauka juu ya matuta, anga limejaa vumbi la dhahabu. Alimtandikia koti lake. Kisha akauliza kama mgeni, “Na mimi nilale wapi?”

“Chagua. Tuta halina kichwa wala miguu.”

Akajilaza, kofia tumboni. Mara akasema, “Yunusu hajaniambia gari litatoka lini Laela.”

“Baba Raymond, hapa hakuna gari.”

“Najua. Nasema tu.”

“Basi sema kimoyomoyo. Unayashtua mawingu.”

Alilala. Alikoroma hadi jua likaegemea magharibi, na baridi ilipomwamsha aliketi akauliza kama kumekucha. Mama Raymond alicheka, na ndicho kicheko cha kwanza watoto wake walichokisikia kutoka shambani baada ya miaka mingi. Meza ya sokoni iliendelea, lakini saa nane mchana ilifunikwa turubai, na wateja walizoea.

Tangu hapo wanawake wa jumuiya walianza kumfuata shambani siku za Alhamisi, kwanza kwa udadisi. Kikawa kikundi kisicho na katibu, mweka hazina wala ajenda. Hakuwafundisha mambo makubwa. Aliwaambia chai ikishamiminwa, kaa uinywe. Aliwaonyesha namna ya kuchemsha majani ya mkaratusi na kuoga bila haraka, kama mtu anayemwogesha mtoto wa mwenzake. Alisema kila siku mtu atazame kitu kimoja ambacho hakutumwa kukitazama: kifaranga anayekunywa maji, moshi wa jirani, ua la maharage. Bi. Hasna, ambaye dini yake ni nyingine, hakukosa Alhamisi hata moja mvua isiponyesha.

Bi. Fransiska hakwenda.

Novemba 2001 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa na baadaye Mbeya, ambako alielezwa kwamba moyo umetanuka. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Aliporudi nyumbani aliyemwuguza usiku na mchana ni Bi. Fransiska. Alimchemshia mkaratusi, akamwogesha, akampaka samli miguuni, akafua, akapika, yote akiwa wima.

“Kaa, wifi,” marehemu alimwambia kila siku.

“Nitakaa nikimaliza.”

“Hujawahi kumaliza tangu nikujue.”

Jumapili tarehe 8 Juni mwaka huu, baada ya kupokea Sakramenti, alimwita tena. “Siku yangu utakuwa jikoni,” akasema. “Watu watanizika wewe unachochea moto. Sitaki. Ninyi wa jikoni mkae kwanza, mpumzike, mniangalie vizuri. Ndipo nifunikwe.”

“Msiba haupikwi na watu waliokaa, wifi.”

Mama Raymond alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono. “Nimeombea mambo mengi, wifi. Hili nakuomba wewe.”

Bi. Fransiska aliuondoa mkono wake taratibu, akaenda kutazama sufuria.

Siku ya Jumatano tarehe 11 Juni 2003, baada ya saa nane, marehemu aliomba dirisha lifunguliwe. Ulikuwa upepo mkali, mapazia yakajaa kama matumbo ya ng’ombe. Mzee Flavian alitaka kulifunga, akamzuia. Alisikiliza kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, uso wake ukiwa na ule wekundu wa jua la kwenye kitenge. “Unapita juu,” akasema. Saa tisa alasiri alikuwa ametutoka, na kati ya waliokuwa chumbani hakuna anayeweza kusema ni wakati gani hasa.

Juzi Alhamisi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, moto wa jikoni ulizimika. Bi. Fransiska hakuonekana, na hakuna aliyejua chumvi iko wapi. Wakati huo Bwana Masalu alikuwa ameshuka kwenye gari la Yunusu lililompelekea habari Mtowisa, akapitia njia yake ileile ya nyuma ya nyumba, kibuyu cha maziwa mkononi. Aliingia uani, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini sana:

“Kuna mtu kule matutani. Amefunikwa uso.”

Watu walisimama. Bi. Hasna akashika kifua. “Amekufa?”

“Hapana, mama. Safari hii nimesikiliza kwanza. Anakoroma.”

Hakuna aliyekwenda kumwamsha. Mzee Flavian alipiga magoti akawasha moto, Raymond akachota maji, na wanaume wa nyumba hii wakasonga ugali ambao mliula kwa uvumilivu, nasi tunawaomba radhi. Bi. Fransiska alirudi jioni, ana majani makavu kwenye nywele. Alitazama jiko, akatutazama, akavuta kigoda. Alipewa chai. Akainywa ikiwa bado moto.

Marehemu ameacha mume, Mzee Flavian, watoto watatu, Raymond, Coleta na Rahel, wajukuu sita, wifi yake, Bi. Fransiska, ambaye sasa yuko mstari wa mbele, kiti cha kwanza. Rafiki zake wa Alhamisi. Na mtani wake, Masalu. Kaburi lake limechimbwa pembeni mwa shamba, ng’ambo kidogo ya matuta, mahali ambapo upepo haushuki.

Mama Raymond, waliopika wamekaa. Jua liko juu ya kitenge chako. Lala sasa kwa amani ya Bwana. Safari hii hatutakuamsha.