Goti la Bwana Egbert

Tarehe 30 Novemba 1956, Bwana Egbert Rwegasira atastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka ishirini na tisa. Alianza kama dresa wa kufunga vidonda. Anaondoka akiwa mtu ambaye madaktari wa mbali humwandikia barua kumwuliza jinsi mtu aliyekatwa mguu anavyoweza kulima mlimani.

Jibu hilo hakulipata mezani. Aliwafuata wagonjwa wake kwa miguu toka Bugene hadi Kyerwa, akakaa pembeni mwa vibanja vyao, akahesabu hatua zao kati ya migomba. Ndipo alipogundua kwamba mguu wa mti wenye ncha huzama kwenye matandazo ya majani makavu shambani, akautengenezea wayo mpana. Mzee Melkiory wa Rugu, wa kwanza kuuvaa, alichuma kahawa yake mwenyewe, na siku tatu nzima hakuna aliyeweza kumketisha.

Lakini kulikuwa na neno moja daftarini lililomnyima raha. Mbele ya majina ya wanawake kumi na saba waliokatwa juu ya goti aliandika, "Amekataa." Walipewa miguu, wakaiacha uvunguni. Akadhani inawaumiza, akaongeza pamba. Wakaiacha na pamba yake.

Mwaka 1953 alimwendea Joviana, binti wa kijiji cha Rugera, mmoja wa wale kumi na saba, aliyekuwa amekataa mguu na amekataa pia kuolewa.

"Baba, mguu wako ni mzuri," Joviana alimwambia, "ila hauna adabu. Nitamsalimiaje mama mkwe nimesimama kama nguzo?"

Bwana Egbert amezaliwa hapa hapa na kila siku wanawake humsalimu kwa kupiga magoti, lakini miaka yote hiyo alikuwa amepima watu wakitembea tu.

Kazi ilichukua miaka miwili. Goti la kwanza lilijikunja lenyewe njiani. La pili lilipiga magoti likagoma kuinuka. La tatu, lenye bawaba ya chuma na ukanda wa ngozi wa kuifungulia, lilitii. Leo wanawake kumi na wanne kati ya wale kumi na saba wanatembea nalo. Neno "Amekataa" hakulifuta daftarini. Chini yake ameandika, "Sikuuliza."

Ninayajua haya kwa sababu mimi ndiye karani ninayenakili madaftari yake, na mchumba aliyekataliwa na Joviana ni mimi. Septemba hii aliingia nyumbani kwetu, akavuta ukanda chini ya gauni lake, akashuka taratibu juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, mbele ya mama yangu. Bawaba ililia kidogo. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Bwana Egbert, asante. Tunakuombea pumziko jema, afya, na kibanja chenye rutuba. Siku ya kukuaga, mke wangu atakuja kukusalimu. Tafadhali usiharakishe kumwinua. Anapenda kukaa pale kidogo.