Grisi ya Kila Jumapili

Benchi lililo mbele ya banda la Fundi Baiskeli lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo wazee wa pale huketi wote upande mmoja ili lisiyumbe, na mmoja akisimama ghafla wengine hushika vikombe vyao. Alasiri ile Tetesi, muuza kahawa ambaye habari zake huwa moto kuliko kahawa yenyewe, alikuwa amekwisha kumimina duru ya kwanza. Daktari, aliyelipata jina hilo kwa kulinda geti la zahanati, alikuwa anapuliza kikombe chake. Ndipo alipofika Kamusi, karani mstaafu asiyevumilia kitu kiitwe jina lisilo lake, akakunjua kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na rili ya mkewe, ile mashine ndogo ya kuviringishia uzi inayofungwa kwenye ufito wa kuvulia. Ilikuwa imegoma kuzunguka.

Mkewe alikwenda ng'ambo kumtunza binti yao aliyejifungua. Mjukuu wa kwanza sasa anakwenda shule, na wa pili ameota meno. Jana, kwenye simu, mama huyo aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tangu aondoke: rili yangu bado inazunguka? Kamusi akajibu kwamba ataitazama. Leo jioni angepiga tena, na Kamusi hakuwa mtu wa kusema uongo, hata ule wa kumfurahisha mtu.

— Lete hicho kidude, akasema Fundi.

— Si kidude. Ni rili.

— Haya, rili. Na hiki kimkono?

— Mpini.

— Na hili dude la uzi?

— Bobini. Usiiguse. Huo uzi aliuviringisha mwenyewe.

Tetesi akamwambia Fundi:

— Leo utafanya kazi kwa mtihani.

Daktari akainama, akaitazama rili kama anavyowatazama wanaopita getini.

— Huo ni mshipa. Nimewaona wengi, shingo haigeuki kulia wala kushoto. Ikandwe kwa maji moto.

— Maji hayapelekwi kwenye beringi, akasema Kamusi.

— Hata wagonjwa hubisha mwanzoni.

— Mimi nasema buibui, akaingilia Tetesi. Shemeji yangu alifungua redio yake akakuta ukoo mzima umehamia.

— Walikuwa wanasikiliza taarifa ya habari, akasema Fundi.

— Cheka. Kuna na jambo jingine, ila hamtaniamini. Chuma kina moyo. Kikikaa mbali na mwenyewe, kinasusa. Yule jirani yangu aliposafiri, baiskeli yake si ilijifunga breki yenyewe?

— Breki ile niliifunga mimi. Mwanawe alikuwa anaiiba usiku.

— Sawa, uliifunga. Lakini nayo ilikuwa imesusa.

Daktari alicheka mpaka benchi likayumba. Kamusi hakucheka. Neno lile la kususa lilimkaa vibaya kifuani. Alikumbuka zile Jumamosi za bwawani: mkewe amesimama juu ya mawe, gauni amelipindia kiunoni, anazungusha mpini bila hata kuutazama. Kamusi mwenyewe hakuwahi kuvua. Kazi yake ilikuwa kushika ndoo na kutaja majina. Perege. Kambare. Na yule mdogo mwenye mistari, ambaye hakupata kumjulia jina kwa miaka yote ile, na mkewe kila alipomnasa alimrushia ndooni na kumwambia, "Huyu wako."

— Kwani hamuifungui?

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja aliyeleta gurudumu kuzibwa pancha na kulisubiri muda wote huo, akiwa amekalia debe. Wote wanne wakageuka kumtazama. Walikuwa wamemaliza duru mbili za kahawa na hakuna aliyeshika bisibisi.

Fundi akampa Kamusi bisibisi. Kamusi akafungua parafujo moja baada ya nyingine, akazipanga kitambaani kwa mfuatano zilivyotoka. Kifuniko kilipobanduka, gia hazikuonekana. Palikuwa na grisi tupu, imeshindiliwa pomoni, ya juu laini, ya chini ya zamani imekauka na kuwa ya njano kama nta.

— Nani kaishindilia hivi? akauliza Fundi.

— Mimi. Kila Jumapili, kupitia kile kitundu cha ubavuni. Aliniachia kopo akaniambia nisiiache ikauke.

— Kila Jumapili? Na kuvua, lini?

— Sivui. Rili ni yake.

Daktari akarudi nyuma, ameridhika.

— Basi haiumwi. Imenenepa.

Fundi akaleta mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Tetesi akatoa kikombe kimoja, kile chenye ufa, cha kulowekea gia. Walisugua wakipokezana, hata Daktari, na kila aliyetaka kipande alikitaja kwa jina lake, maana Kamusi hakumpa mtu kitu alichokiita kidude. Mwisho wakatia tone moja tu la grisi kwenye meno ya gia, wakafunga. Kamusi akazungusha mpini. Ulikwenda mwepesi, na ile sauti ndogo ya kukereza, iliyokuwa ikimfikia kule bwawani akishika ndoo, ikatoka.

— Sasa akikuuliza, utamwambia inazunguka, akasema yule mama.

— Nitamwambia.

— Na wewe utamwuliza nini?

Kamusi akaanza kuifunga rili kitambaani. Tetesi akainamisha birika juu ya kikombe cha Kamusi, yakatoka machicha.

Simu ililia Kamusi akiwa ameketi kizingitini kwake.

— Inazunguka? mkewe akauliza.

— Sikiliza.

Akaisogeza rili karibu na simu, akazungusha mara chache. Mkewe alisikiliza.

— Umepunguza grisi, akasema.

— Nimepunguza. Mama watoto, sijawahi kukuuliza. Unarudi lini?

Upande wa pili mtoto alikuwa akililia kitu. Mlango ukafungwa, sauti ya mtoto ikapotea. Simu haikukatwa. Kamusi hakulirudia swali. Akaushika mpini, akaendelea kuzungusha polepole, ili mkewe asikie.