Vikombe Viwili vya Uji Kabla ya Picha ya Nyongo

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu! Uponyaji wa binti yangu Neema ulinigharimu marobota mawili ya mitumba, mbuzi watatu na vikombe viwili vya uji. Nimehesabu mara mbili. Uji ndio uliotaka kunimaliza.

Mnanijua hapa Rondo. Tangu serikali ifungulie biashara nauza mitumba, na bei ya kwanza siikubali hata aitaje mchungaji. Neema alipotimiza miaka minne macho yaligeuka manjano kama kiini cha yai, choo kikawa cheupe kama chokaa. Tukatibu malaria mara tatu. Tukachemsha mizizi. Wengine wakanitajia jirani aliyemroga. Nikawaambia, huyo huvaa kwa mkopo wangu. Akiniroga atavaa nini?

Mwishowe tukafika hospitali ya Lindi. Daktari wa altrasaundi, ile mashine inayopiga picha ya ndani ya tumbo bila kisu, alikuwa anakuja siku mbili tu kwa mwezi. Muuguzi akaniambia, "Mama Neema, mtoto asile kitu tangu usiku. Akila, mfuko wa nyongo unajikamua, hauonekani."

Nilisikia, nikapunguza kama napunguza bei. Ndiyo mazoea yangu! Alfajiri mtoto akalia njaa, nikampa uji.

Daktari akapaka mafuta tumboni, akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Amekula nini?"

"Hajala. Kaonja tu uji."

"Kiasi gani?"

"Kikombe."

"Kimoja?"

"Viwili, kama tunahesabu."

Akashusha pumzi. "Mfuko umesinyaa, mama. Sijui ni uji wako au ni ugonjwa. Kesho orodha imejaa. Njoo mwezi ujao."

Ndugu zangu, mtoto alikuwa anachemka homa. Mwezi ujao ningekuja na nani? Nilibembeleza, nikaapa, nikalia. Daktari hakupungua hata kidogo.

Ndipo akasimama mama mmoja wa Kiswere, Mwislamu, mwenye mtoto wa kiume mgongoni. "Dada, chukua nafasi yangu ya kesho. Wangu anakula, anacheza, atangoja. Ila huo uji, kunywa mwenyewe!" Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka machozi yakinitoka.

Usiku huo sikupunguza neno la muuguzi. Asubuhi, Neema akiwa na njaa kamili, mfuko ukaonekana umejaa, na chini yake mrija wa nyongo umevimba katikati kama chatu aliyemeza kuku. Daktari akasema, "Hapa ndipo nyongo inapokwama. Wahini Dar, hii inafanyiwa upasuaji." Haleluya! Miezi yote ile tulikuwa tunapiga gizani, picha moja ikatuonyesha pa kupiga.

Dar wakakata ule uvimbe, wakaunganisha njia ya nyongo na utumbo. Siku choo cha mwanangu kilipotoka na rangi yake nilipiga vigelegele, wodi nzima ikadhani nimejifungua! Leo Neema ananishinda mbio.

Wewe mwenye mtoto wa manjano, mtumaini Bwana, mpeleke hospitali, na ukiambiwa asile, asile.

Lakini nisaidieni. Nimeshafika Kiswere mara mbili kumtafuta yule mama, sikumpata. Jina sikumuuliza. Sijui kama mwanawe alipata kupigwa picha. Mimi ninayejua bei ya kila kitu, hii siijui. Mwenye kufahamu namna ya kumlipa, asitoke kanisani kabla hajaniambia.