Papa Elisée na Namba za Ukuta wa Jeppestown

Ijumaa tarehe 28 Novemba, Papa Elisée anashuka ngazi yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutengeneza saa za jua kwenye kuta za nyumba kuukuu za Johannesburg. Alitoka Bukavu akiwa fundi wa lipu. Kusoma kivuli alijifunzia hapa kwenye karakana yetu ya Doornfontein. Saa kumi na saba zilizokuwa zimefifia, fimbo zake za kutupa kivuli zimepinda kwa kutu, leo zinasema kweli. Na njiwa waliotaga juu ya fimbo aliwaomba wahame kwa heshima, kama wapangaji.

Sifa ndizo hizo. Sasa niacheni nikasirike.

Mwaka juzi, kwenye ile nyumba ya matofali ya Jeppestown, msimamizi wetu alikuta namba zinatoka kulia kwenda kushoto. Akasema zimeandikwa kinyume. Alikuwa na picha ya saa ya jua ya nyumba ya Uingereza!

Papa Elisée akamweleza kwa adabu, "Bosi, kule jua linapita kusini, huku kaskazini. Asubuhi kivuli chetu kinaangukia kulia."

"Fuata picha."

Akakataa. Alipokwenda likizo, akaletwa fundi mwingine wa rangi, namba zikageuzwa. Saa nne asubuhi ukuta ukatangaza saa nane mchana, wageni wa nyumba hiyo wakauliza mbona chakula kimechelewa. Eish!

Papa Elisée aliporudi alizifuta, akaziandika zilivyokuwa. Zawadi yake? Barua ya onyo. Msimamizi mwenyewe alilinganisha ukuta na simu yake, akaona sawa, lakini barua imekaa kwenye faili mpaka leo. "Ni utaratibu, Koko," ananiambia. Utaratibu gani? Mimi sikusoma, ila asubuhi na mchana navijua.

Papa Elisée hataki ugomvi. "Koko, acha," anasema, halafu anaangalia chini. Mtu aliyeangalia juu miaka yote hiyo! Harudi kwake Rosettenville na doa lisilo lake.

Msimamizi, mwanangu, nakupenda, na chai yako naitia sukari vijiko vitatu. Lakini Ijumaa kisu cha keki ya kumuaga ninacho mimi. Chana barua hiyo mbele yetu, ndipo nikate.

Papa Elisée, karakana nzima inakushukuru. Mgongo upone, sombe, kile kisamvu cha Mama Joséline wa nyumbani kwako, isikuishie, na asubuhi ulale hata ukuta ukisema umechelewa.

Koko Masika, bibi yenu wa chai na ufagio