Fundi Kibwana na Gari Lisilovuja

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Likoni hadi Vanga, salaam aleikum. Mwenye redio na aongeze sauti kidogo. Asiye na redio asogee dirishani kwa jirani, leo hatafukuzwa.

Leo tunamkumbuka Fundi Kibwana wa Chande, wa Msambweni. Alikuwa fundi wa mashua, na alitengeneza gari. Narudia ili tusipotezane: fundi wa mashua, aliyetengeneza gari. Kila nitakachowaambia kimetoka hapo.

Fundi Kibwana alifariki mwezi wa Rajabu, mwaka huu wa hamsini na tisa. Alikuwa anapiga randa asubuhi, akaiweka chini, akasema amechoka, akalala. Ameacha mke, Bi Mwanafatuma. Ameacha binti, Mwanapili. Na ameacha gari.

Wanaonijua husema mimi huongeza chumvi. Ni kweli. Miaka thelathini nimeendesha lori la kutengeneza barabara, na barabara ndefu humzoesha mtu kubuni maneno. Lakini katika habari hii nilikuwamo mwenyewe, kiti cha nyuma, na sepetu mkononi. Chumvi nimetia ya kutosha mchuzi tu.

Bi Mwanafatuma ni mtu wa Vanga. Baba yake alipotea baharini yeye akiwa mdogo. Mama yake, Bi Mwanamkuu, akamshikisha Msahafu, akamwapisha: asipande maisha yake yote kitu kinachoelea juu ya maji. Mtoto akaapa. Kisha akakua, na mtu aliyekuja kumposa, kati ya wanaume wote wa pwani hii, akawa fundi wa mashua.

Aliolewa mwaka wa thelathini na saba. Alikuja Msambweni kwa miguu, siku mbili, na ngoma nyuma yake. Basi akakaa. Alipojifungua Mwanapili, mguu wake wa kulia ulilegea, haukurudi tena kama zamani. Sasa afike vipi kwa mama yake? Kwa bahari, ameapa. Kwa basi, basi linaishia Lunga Lunga, na kutoka hapo hadi Vanga ni mwendo wa miguu kwenye tope. Punda alijaribiwa mara moja. Punda huyo alifika kijiji cha Shirazi, akakaa chini kama mtu, akaanza kula leso ya Bi Mwanafatuma kuanzia pindo. Wakarudi.

Miaka kumi na tisa, wasikilizaji. Miaka kumi na tisa mke wa fundi wa mashua hakumwona mama yake. Mumewe aliunda mashua, watu wakazipanda, wakaenda Vanga, wakarudi na salamu. "Mama yako anakuuliza." "Mama yako amekuletea papa mkavu." Mwanapili anasema, "Mama alikuwa akiinusa ile karatasi ya papa kabla ya kuifungua. Alisema ina harufu ya jikoni kwao."

Mwaka wa hamsini Fundi Kibwana akapita Kombani, akaona nyuma ya duka moja gari lililotupwa. Lilikuwa la zamani, la kabla ya vita, la mwenye shamba fulani la mkonge aliyekwisha kwenda kwao. Boneti imeliwa na kutu. Mbao za bodi zimeoza. Kitini kuku amelalia mayai kumi na moja. Fundi akalipata kwa kubadilishana na mlango wa mvule, na mwenye duka akadai mayai yabaki. Mimi nikalivuta kwa mnyororo nyuma ya lori, hadi uwani kwake Msambweni.

Nikamwuliza, "Fundi, wewe gari walijulia wapi?"

Akaniambia, "Kwani mashua nalizaliwa nazijua?"

Akajenga banda la makuti, akalivua gari kama mtu anavyomenya muhogo. Kila kipande cha injini alikiweka juu ya mkeka, kwa mpangilio wa kilivyotoka. Bi Mwanafatuma akavifunga nyuzi za rangi: nyekundu upande wa kulia, buluu wa kushoto, nyeupe vya katikati. Miezi minane hapakufagiliwa hapo. "Jirani akija kuomba moto," anasema Mwanapili, "mama alimpitisha ukutani, kama anayepita pembeni mwa kaburi."

Mbao zilizooza akazitoa zote. Akaweka za mvule, na ndani mbavu za mkoko, mataruma, kama ya mashua. Kiti akakijaza usumba wa nazi. Madirishani akatia pazia, mke wake akae kwa heshima. Na sakafu, wasikilizaji, sakafu ishikeni vizuri. Sakafu aliitia kalafati. Kila mwanya akaushindilia pamba iliyochovywa sifa, yaani mafuta ya papa. Chini akapaka deheni, chokaa na shahamu, tabaka tatu. Gari likawa linanuka hata paka wa Msambweni wakahamia uwani kwake. Wengine walitoka Kinondo.

Nilimwambia, "Fundi, magari yote yana tundu sakafuni, maji yakiingia yatoke."

Akanitazama kama nimemtukana mzazi. "Mimi niache tundu? Kwa mkono wangu?"

Alichukua miaka sita. Mwaka wa hamsini na sita injini ikawaka. Ilikuwa inawashwa na watu wawili. Fundi alisimama mbele, akizungusha hendeli, ule mchuma wa kuwashia. Bi Mwanafatuma alikaa ndani, mkono kwenye choki, kile kifundo kinachovutwa wakati wa kuwasha. Fundi akizungusha mara mbili, ya tatu anasema, "Vuta, Mwana," ndivyo alivyomwita mkewe. Naye anavuta. Linawaka. Akivuta kabla, halitaki. Akichelewa, halitaki. Hakuna mwingine aliyejua wakati wake. Mwanapili alijaribu, mimi nilijaribu, gari likatukohoa.

Masika ya mwaka huo ikaja habari kutoka Vanga. Bi Mwanamkuu macho yanafifia. Amesema anataka kumwona mwanawe kabla giza halijakamilika. Fundi hakungoja mvua ipite. Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri: yeye, mkewe, na mimi nyuma na sepetu. Paka walitusindikiza hadi njia panda.

Tulifika vizuri hadi mto mmoja wa msimu, karibu na Vanga. Maji yalikuwa yamepanda. Nikasema tungoje. Fundi akachovya mguu, akasema, "Ya magoti haya." Magoti ya nani, hakusema.

Tukaingia. Maji yakafika kwenye ekseli, yakafika milangoni. Hapo gari lolote la watu lingeingia maji, likawa zito, likakaa mchangani likatulia. Letu halikuingia hata tone. Nikasikia magurudumu yananyamaza. Nikaona mti mmoja ng'ambo unatembea. Kumbe tunatembea sisi.

Bi Mwanafatuma akasema, taratibu, "Bwana. Tunaelea?"

Fundi akasema, "Mwana, magurudumu yanapumzika tu."

"Nimekuuliza, tunaelea?"

"Kidogo."

Hakupiga kelele. Alivuta pazia lake, akalia nyuma yake. Mimi nilipiga kasia kwa sepetu, Fundi akatoa mguu nje akitafuta chini, na samaki mmoja, wallahi, aliogelea sambamba na dirisha langu akitushangaa. Mkondo ukatutupa kwenye mchanga, ng'ambo, hatua mia mbili chini ya kivuko. Fundi akazungusha hendeli. Akasema, "Vuta, Mwana." Choki haikuvutwa. Akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Bi Mwanafatuma akavuta.

Tulipofika Vanga, Bi Mwanafatuma alikataa kushuka. Alisema, "Siingii nyumbani kwa mama yangu na kiapo nimekivunja." Miaka kumi na tisa, na mlango uko hatua sita.

Basi mama akatoka yeye. Aliongozwa kwa mkono, hadi garini. Akanusa. Akaweka kiganja kwenye ubao, akapitisha ukucha kwenye mwanya wa mbao, kama anayekagua kazi ya mtu. Mumewe alikuwa baharia, kalafati anaijua kwa vidole.

"Hii ni mashua ina miguu," akasema. "Nani ameiunda?"

Fundi akasema, "Shikamoo, mama. Ni mimi. Nisamehe."

"Marahaba. Haivuji?"

"Haivuji, mama."

"Ya mume wangu ilivuja." Kisha akaingiza mkono chini ya pazia, akaupata uso wa mwanawe, akaupapasa wote, paji hadi kidevu. "Nilikufunga kwa hofu yangu mimi, mwanangu. Shuka. Kafara nitaitoa mimi."

Wakalishwa maskini kumi siku ya pili, wali na papa. Bi Mwanafatuma akakaa kwa mama yake siku arobaini. Macho ya mama yalikuwa bado yana nuru kidogo, ya kutosha.

Sasa mtasema, kiapo kimefunguliwa, si apande mashua, nusu siku afike? Hata mumewe alimwambia hivyo. Alikataa. Alisema, "Nimefunguliwa. Sikufukuzwa garini." Wakaenda kwa gari mara tatu tena, kiangazi, mto umekauka. Ya tatu ilikuwa kumzika Bi Mwanamkuu.

Juma lililopita nilikwenda Msambweni. Bi Mwanafatuma yuko edani bado. Mwanapili akaniambia, "Ami, kila alasiri mama anakaa mle garini." Gari liko uwani, hajatoka nyumbani, sheria hajaivunja. Nikakuta pazia limeshushwa. Nikapiga hodi kwenye mvule.

Nikasema, "Shemeji, eda yako inakwisha Ijumaa ya juma lijalo. Ukitaka kwenda kuzuru kaburi la mama, hebu nijaribu kuliwasha."

Akasema, "Jaribu, shemeji."

Nikazungusha. Mara mbili, mara tatu. Hendeli ikanirudi, ikanipiga mkono huu ninaoshikia karatasi sasa. Nikazungusha tena hadi jasho likanitoka. Gari kimya. Nikauliza, "Shemeji, choki umeivuta?"

"Sijaivuta."

"Kwa nini?"

Nyuma ya pazia akasema, "Sijaambiwa."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Mwanafatuma, kwa Mwanapili, na kwa mafundi wote wa Msambweni, tunatoa mkono wa tanzia. Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi Kibwana, amlaze pema. Nanyi mlio wawili majumbani mwenu, mkimaliza kunisikiliza, kumbukeni neno dogo mnaloambiana kila siku, mkadhani si kitu. Lisemeni leo, angali yupo wa kulisikia.

Mimi Ijumaa nitakuwa Msambweni, nimesimama mbele ya gari, hendeli mkononi. Nitazungusha mara mbili, na ya tatu. Neno lile sitalisema, si langu. Nitazungusha tu, nikingoja avute mwenyewe.